Karatasi ya Daktari Isiwe Gazeti: Jinsi ya Kulinda Siri ya Ugonjwa Wako Kazini

Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja hapa Nakuru kwa miaka kumi na moja, na swali ninaloulizwa zaidi si la mshahara. Ni hili: "Mama, nimelazwa wiki moja, narudi kazini nakuta kila mtu anajua ninachougua. Walijuaje?" Huja wakinong'ona karibu na mfereji wa maji, au wananisubiri jioni tukishuka matatu pale Pipeline. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, hivyo majibu yangu yote nimeyaweka hapa.

Tukisikia siri imetoka, sisi sote hukimbilia kumsaka mbea. Nani alisema? Lakini kila nikifuatilia kisa hadi mwanzo wake, nakuta siri haikuanzia mdomoni. Ilianzia kwenye muhuri, kwenye kitabu cha kliniki kilichoachwa wazi, kwenye ujumbe wa mchango, kwenye orodha ya zamu ubaoni. Mbea aliokota tu kitu kilichoachwa mezani. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini ni za karatasi na simu, na chache ni za watu.

Sheria, kwa kifupi tu

Usiende kubishana na mtu huku hujui unasimama wapi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inakulinda dhidi ya kudaiwa au kufichuliwa bila sababu habari za familia yako na mambo yako ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka habari za afya katika kundi la data nyeti, ile inayopaswa kushikwa kwa uangalifu zaidi. Sheria ya Afya ya 2017 inawafunga mdomo wahudumu wa afya kuhusu hali yako, matibabu yako, na hata kule kulazwa kwako. Kuhusu virusi vya ukimwi kuna sheria yake ya pekee, ya 2006: mwajiri haruhusiwi kukulazimisha kupimwa ndipo akupe kazi, wala kukubagua kwa sababu ya hali yako. Kwa kuanzia, hayo yanakutosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bahasha za kaki, hata tatu, na gundi. Bahasha isiyofungwa ni mfuko tu.
- Daftari dogo linalokaa nyumbani. Si kwenye droo ya kazini, hata kama ina kufuli.
- Nakala ya barua yako ya ajira, na ya mkataba wa pamoja kama mahali penu pana chama cha wafanyakazi. Soma sehemu ya ruhusa ya ugonjwa na ile inayosema malalamiko hupelekwa kwa nani.
- Simu yenye nambari ya siri ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa.
- Mtu mmoja, nasema mmoja, anayejua ukweli wote na ambaye hafanyi kazi nanyi.

Hatua ya 1: Gawa habari kabla hujazitoa

Kosa la kwanza la watu wengi ni kudhani kwamba mwajiri ni mtu mmoja. Wanamweleza msimamizi kila kitu, kwa kuwa ndiye wanayekutana naye asubuhi getini na sauti yake ni ya upole. Kaa chini usiku mmoja na daftari lako, uandike kila mtu anahitaji kujua nini ili afanye kazi yake.

Ofisi ya wafanyakazi inahitaji kujua hutakuwepo siku ngapi, na kuona cheti. Msimamizi anahitaji kujua utarudi lini na kazi gani huwezi kufanya kwa sasa: kubeba magunia, kusimama kwa muda wa saa nane, zamu ya usiku, kukaa karibu na kemikali. Daktari au sista wa kliniki ya kampuni, akiwa ndiye anayekutibu, anahitaji kuujua ugonjwa wenyewe. Mwenzako wa mashine ya pili hahitaji kujua chochote, hata akiwa rafiki yako wa chai ya saa nne.

Wenye mimba huniuliza sana watangaze lini. Sheria ya Ajira inataka umpe mwajiri notisi ya angalau siku saba kabla ya kuanza likizo ya uzazi. Ukitaka kusema mapema ni uamuzi wako, na mara nyingine ni busara, hasa kama kazi yako ni ya kunyunyiza dawa au kuinua vitu vizito. Hapo mwambie msimamizi mwenyewe, ana kwa ana, kabla tumbo halijamwambia.

Hatua ya 2: Tazama muhuri

Hapa ndipo siri nyingi huvujia, kwa hivyo tukae kidogo.

Chukua karatasi yoyote ya hospitali uliyo nayo nyumbani, uitazame kama karani asiyekujua. Juu kuna jina la hospitali. Katikati kuna mstari wa ugonjwa, mara nyingi kwa vifupisho ambavyo daktari anadhani havisomeki, kumbe kila aliyewahi kuuguza mtu anavijua. Chini kuna muhuri wa zambarau, na ndani yake jina la kliniki: kifua kikuu, wajawazito, afya ya akili, au zile herufi tatu CCC ambazo kuanzia Njoro hadi Kondele kila mtu anajua ni kliniki ya wanaoishi na virusi vya ukimwi.

Niliwahi kuletewa karatasi iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa. "Apewe siku tatu za kupumzika." Ugonjwa haukutajwa kabisa, daktari alikuwa amefanya kazi nzuri. Halafu pale chini, muhuri wa CCC umekaa sawasawa, wino haujafifia hata herufi moja. Karani hakuhitaji kusoma kitu kingine.

Kwa hivyo kabla hujatoka chumba cha daktari, sema hivi: "Daktari, karatasi hii inaenda kwa mwajiri. Naomba iandikwe siku za kupumzika na kazi nisizoweza kufanya tu, ugonjwa usitajwe, na kama inawezekana igongwe muhuri wa hospitali, si wa kliniki." Wengi hukubali bila neno, hawakuwa wamefikiria tu kwamba karatasi ile itapita mikono mitano. Akikosa muhuri mwingine, uliza ofisi ya rekodi au msimamizi wa zamu. Kwenye hospitali kubwa za rufaa, kama ile ya Nakuru ambayo wazee bado wanaiita PGH, au ya Jaramogi kule Kisumu ambayo watu wanaiita Russia, jina la hospitali pekee halimwambii mtu kitu. Watu huenda huko kwa jino na kwa mfupa uliovunjika.

Utasikia ukiambiwa ofisini, "Lakini lazima ugonjwa uandikwe." Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Kinachodai ni cheti cha kwamba huwezi kufanya kazi, kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu au anayemwakilisha pale zahanati. Pia kinakutaka umjulishe mwajiri mapema kwamba hutafika, na sababu. Sababu ni ugonjwa. Neno hilo moja linatosha kwenye ujumbe wa asubuhi.

Onyo: usifute kitu kwenye karatasi kwa kalamu, usikate sehemu ya chini kwa makasi, wala usimtafute rafiki mwenye muhuri mwingine. Karatasi iliyochezewa inageuka kesi ya nidhamu, na hapo hata mimi siwezi kukutetea. Rudi hospitali uombe nyingine.

Hatua ya 3: Peleka mwenyewe, mkononi, ikiwa imefungwa

Weka cheti kwenye bahasha ya kaki, funga kwa gundi, andika juu "Siri – Ofisi ya Wafanyakazi" pamoja na nambari yako ya kazi. Toa nakala kwanza. Ukifika, omba anayepokea aandike kwenye nakala yako tarehe, jina na sahihi. Akishangaa, mwambie unafanya hivyo kwa karatasi zako zote. Nakala hiyo ipeleke nyumbani siku hiyo hiyo, maana mambo yakiharibika ndiyo itakayoonyesha siri ilitoka mikononi mwako lini na ikaingia mikononi mwa nani.

Kama umelazwa, mtume yule mtu wako mmoja. Usimtume mwenzako wa kazini "kwa kuwa anapita tu huko."

Onyo: usipige picha ya cheti ukaituma kwenye WhatsApp ya msimamizi. Najua ni rahisi, najua yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Picha ile inakaa kwenye simu yake pamoja na picha za harusi ya shemeji yake, na siku mtoto wake akicheza na simu, ama yeye mwenyewe akibonyeza kundi lisilo, hakuna wa kuirudisha. Mwandikie tu: "Boss, nimelazwa, cheti kinaletwa ofisini leo. Nitarudi Jumatatu." Na usiwahi kabisa kutuma kwenye kundi la zamu.

Hatua ya 4: Tafuta sentensi yako, uikariri

Siku ya kwanza ukirudi utaulizwa mara ishirini kabla ya chai. Wengine wanakuuliza kwa upendo, wengine wanakusanya mucene, yaani umbea. Hutaweza kuwatofautisha, na huna haja ya kuwatofautisha, kwa sababu wote watapata jibu moja.

Sentensi nzuri ni fupi, ni ya kweli, na inafunga mlango bila kuubamiza. Hii ndiyo ninayowapa watu: "Nilikuwa mgonjwa kidogo, Mungu amesaidia, sasa niko sawa. Na nyinyi mlikuwaje huku?" Hilo swali la mwisho ndilo kufuli. Watu wanapenda kuzungumza juu yao kuliko juu yako, ukiwapa nafasi.

Mwingine atasukuma: "Lakini ulikuwa na nini hasa, dada? Umekonda." Rudia sentensi ile ile, kwa sauti ile ile. Usiongeze neno. Mtu akirudiwa maneno yale yale mara tatu huona haya mwenyewe.

Onyo: usibuni ugonjwa mwingine. Nimeona hili likiwaponza watu wazuri. Anasema ni malaria, kisha mwezi wa pili ni malaria tena, kisha kuna mtu ana dada yake muuguzi anayejua malaria kwa kawaida hailazi mtu wiki tatu. Sasa badala ya swali moja kuna mawili: anaugua nini, na kwa nini anadanganya. Kukataa kusema si uongo.

Hatua ya 5: Simu na dawa

Hatua hii ni fupi, lakini usiiruke. Kliniki nyingi hutuma ujumbe wa kukukumbusha tarehe. Simu yako iko kwenye soketi ya kantini inachaji, pamoja na simu nyingine sita, skrini juu. Ujumbe unaingia na kujisoma wenyewe. Nenda kwenye mipangilio ya simu sasa hivi uzime maneno ya ujumbe yasionekane skrini ikiwa imefungwa. Kwenye kliniki pia unaweza kuomba ujumbe wao usitaje jina la kliniki, au utumwe kwa nambari nyingine.

Kuhusu dawa: chupa ya vidonge hulia kama kayamba ukitembea nayo kwenye mkoba, na kuna watu wanaoujua mlio ule. Kipande cha pamba ndani kinanyamazisha. Lakini kabla ya kuhamisha dawa kwenye chombo kingine muulize mfamasia, kwa sababu baadhi ya dawa huharibika nje ya chupa yake. Kama saa za dawa zinagongana na zamu, mwambie daktari. Mara nyingi saa zinaweza kusogezwa zikawa za nyumbani.

Hatua ya 6: Mchango

Hapa nina kosa langu mwenyewe la kukiri.

Miaka kadhaa iliyopita mwenzetu wa idara ya kupakia alilazwa na bili ikawa kubwa. Mimi ndiye niliyefungua kundi la mchango. Nikaandika kwa huruma yote: jina lake kamili, wodi, kiasi kinachohitajika, na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe sitautaja hapa, maana nilishautaja mara moja na ilitosha. Nilidhani watu wakijua ni kitu kizito watatoa zaidi, na kweli walitoa. Ndani ya siku moja ujumbe ule ulikuwa umefika kundi la kanisa, kisha kundi la kijiji chao kule Kakamega. Mama yake mzazi, ambaye hakuwa amejulishwa kwa sababu ana shinikizo la damu, aliupata kutoka kwa jirani aliyekuja kumpa pole.

Bili ililipwa. Yule ndugu alirudi kazini na kwa miezi miwili hakunijibu salamu. Siku aliponijibu alinionyesha tu simu yake: ujumbe bado ulikuwa unazunguka, bado unaomba pesa, na chini kuna jina langu.

Kwa hivyo sasa mchango tunaufanya hivi. Kwanza, mgonjwa au mtu aliyemteua anakubali, na anaambiwa maneno yatakayoandikwa kabla hayajatumwa. Pili, ujumbe haubebi ugonjwa, wodi wala picha ya mtu kitandani. Picha ya mtu na mpira wa dripu mkononi si ya kundi, hata akitabasamu. Tatu, nambari ya kutuma pesa ni ya mweka hazina, si ya mgonjwa. Nne, bili ya hospitali inaonwa na watu wawili tu, mweka hazina na shahidi, maana bili nayo huorodhesha dawa na vipimo. Ujumbe wenyewe unakuwa hivi:

"Mwenzetu wa idara ya kupakia yuko hospitali na anahitaji msaada wa bili. Familia imekubali mchango huu. Tuma kwa mweka hazina kabla ya Ijumaa. Tafadhali usisambaze nje ya kundi hili. Mwenye swali anipigie simu, asiulize humu."

Watu watauliza, "Sasa tunachangia nini?" Wajibu: mnachangia mtu.

Hatua ya 7: Wageni na maombi

Kwetu mgonjwa hatembelewi na mmoja, hutembelewa na ujumbe mzima wenye maziwa, mkate na ndizi. Ni jambo jema na sitaki life. Lakini wakija wodini wanasoma ubao wa kitanda. Kama hutaki, mtu wako awaambie mapema kwamba unapumzika na utafurahi kuwaona ukifika nyumbani. Wakija nyumbani, ficha karatasi na dawa zilizo juu ya televisheni. Sijui kwa nini kila mtu huziweka pale.

Kisha kuna maombi ya asubuhi kabla ya zamu. "Tumkumbuke dada yetu fulani, madaktari wamepata uvimbe." Kila mtu anasema amina, na saa nne habari imefika getini. Udaku ukivaa nguo ya maombi ni mgumu kuukemea, kwa sababu anayeukemea anaonekana anapinga Mungu. Kama unataka kuombewa, mtumie kiongozi wa maombi maneno hasa ya kusema: "Mniombee afya." Kama wewe ndiye unayeongoza, taja jina tu. Mungu anayajua mengine.

Hatua ya 8: Kama umbea umeshaanza

Usimkabili mtu siku hiyo hiyo. Nenda nyumbani, fungua daftari, andika: tarehe, saa, mahali, nani alisema, maneno yenyewe kadiri unavyoyakumbuka, na nani alikuwepo. Kama ni ujumbe wa simu, piga picha ya skrini kabla haujafutwa.

Ukitulia, zungumza na mmoja, yule uliyemsikia kwa masikio yako, mkiwa wawili tu. "Mama Chebet, nimesikia mambo yangu ya hospitali yanazungumzwa. Sijaja kugombana. Naomba yaishie hapa leo." Usithibitishe, usikanushe. Usiulize "nani alikuambia?" kwa sababu swali hilo linakiri kwamba alichoambiwa ni kweli.

Onyo: usimsute mbele za watu. Nimeshuhudia mtu akisimama kantini, sahani ya githeri mkononi, akipaza sauti: "Nani anasema nina hivi na hivi?" Watu arobaini walikuwa hawajasikia. Walisikia saa hiyo.

Kama habari ilitoka kwenye faili au kwenye ofisi, andika barua. Barua isitaje ugonjwa wako. Watu husahau na kuutaja wenyewe kwenye malalamiko ya siri. Mfano:

"Tarehe 11 Machi nilikabidhi ofisi yako cheti cha ruhusa ya ugonjwa kikiwa kwenye bahasha iliyofungwa, nakala yenye sahihi ya mapokezi ninayo. Tarehe 14 Machi yaliyomo yalikuwa yakizungumzwa na wafanyakazi wa idara yangu. Naomba nijulishwe ni nani waliofikia faili yangu tangu tarehe 11, cheti kihifadhiwe mahali pa kufungwa, na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba."

Una haki chini ya ile Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kuona data yako inayoshikwa na mwajiri na kuomba iliyo ya uongo irekebishwe. Kwa hivyo huombi hisani.

Hatua ya 9: Kupanda ngazi

Siku saba zikipita kimya, nenda kwa mwakilishi wa chama chako. Kwa wa mashambani kuna KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo, chenye makao makuu hapa hapa Nakuru. Afisa wa leba wa kaunti anapokea malalamiko hata ya wasio na chama.

Jambo la karatasi au data iliyovuja hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo ina ofisi za kanda Nakuru na Kisumu. Lalamiko linapaswa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90, na sheria inaruhusu kulipwa fidia. Elewa lakini kitu kimoja: sheria hiyo inashughulika na habari zilizoingizwa kwenye rekodi. Ikiwa ni jirani wa mashine aliyekuona kliniki akaenda kusema kwa mdomo tu, Kamishna hatakufaa sana. Mwajiri aliyeacha faili wazi ndiye mwenye kesi ya kujibu. Kwa mambo ya virusi vya ukimwi kuna baraza maalum la mahakama lililoundwa na sheria ya 2006, na kwa kufutwa au kubaguliwa kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, inayoketi Nakuru na Kisumu.

Mambo yakikwama

*Msimamizi anasisitiza kujua ugonjwa.* Mwambie: "Boss, ofisi ya wafanyakazi ina cheti. Ninachoweza kukuambia ni kwamba sitabeba mizigo kwa wiki mbili." Akiendelea, mwombe aandike ombi lake. Sijaona anayeandika.

*Kampuni inanipeleka kwa daktari wake.* Nenda. Lakini muulize daktari huyo, kabla hajakupima, ripoti yake kwa mwajiri itasema nini. Inapaswa kusema unaweza kazi au huwezi. Wanyunyizaji wa mashamba ya maua kule Naivasha hupimwa damu kuangalia kama dawa za wadudu zimewaingia. Hata hapo, mtu anaweza kuondolewa kwenye kunyunyiza bila majibu yake kubandikwa ubaoni.

*Orodha ya zamu imeandikwa ugonjwa wangu.* Piga picha, kisha mwombe msimamizi aandike "ruhusa" tu, kama anavyoandika kwa aliyeenda mazishi. Wengi hurekebisha papo hapo. Vivyo hivyo kwa ile kaunta buku ya kliniki ya kampuni ambapo kila anayekuja kutia sahihi anasoma mistari kumi iliyo juu yake: muombe sista afunike kwa karatasi, au ajaze yeye.

*Nina kifua kikuu, na maafisa wa afya wamekuja kupima wenzangu.* Hili huwezi kulizuia, na si vizuri ulizuie. Watu mliokaa nao chumba kimoja wanahitaji kupimwa. Unachoweza kuomba ni wapimwe idara nzima bila jina lako kutajwa. Watakisia, ndiyo. Ukiendelea na dawa vizuri, kwa kawaida baada ya wiki chache huambukizi tena, na daktari anaweza kuandika kwamba uko salama kurudi kazini. Barua hiyo ndiyo jibu kwa anayekataa kukaa karibu nawe.

*Nimeumia kazini kwenyewe.* Hapa usifiche. Ajali ya kazi ripoti mara moja, na jeraha liandikwe, kwa sababu fidia yako inategemea rekodi hiyo. Siri inayobaki ni ya mambo mengine ambayo daktari aliyakuta alipokuwa akikushona.

*Mimi ni kibarua, sina hata barua ya ajira.* Haki ya siri haitegemei barua, lakini ushahidi unategemea. Weka jumbe za M-Pesa za malipo na majina ya mliofanya kazi nao.

*Sista wa kliniki ya kampuni ni jirani yangu wa Kaptembwo.* Una haki ya kutibiwa kwingine. Ukibaki naye, mwambie waziwazi, siku ya kwanza, kabla ya kipimo cha shinikizo: "Sista, haya ni ya hapa. Kwa mtaa hatujaonana." Nimeona sentensi hiyo ikifanya kazi kuliko barua tatu.

*Aliyetoa siri ni ofisi ya wafanyakazi yenyewe.* Barua ya hatua ya 8 iandikie meneja aliye juu yao, nakala kwa chama. Ipeleke ukiwa na mtu wa pili, na usiondoke bila sahihi ya mapokezi.

*Mimi ndiye niliyesema.* Futa ulichotuma, mwambie uliyemtumia afute, kisha nenda kwa mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine. Usianze na "nilikuwa nataka kukusaidia." Mimi nilianza hivyo.